Saa kumi za kusubiri Addis Ababa

Wapendwa, hamjambo?

Alhamisi tunatua Bole, uwanja wa ndege wa Addis, saa 2 asubuhi. Ndege ya pili ni saa 12 jioni. Tusishinde vitini, pasipoti ya Kenya haihitaji viza.

1. Beba sweta. Addis iko juu ya mita 2,300, baridi si mchezo.
2. Teksi hadi Makumbusho ya Taifa, tuone nakala ya mifupa ya Lucy, zamadamu wa mamilioni ya miaka iliyopita aliyefukuliwa Ethiopia 1974. Wenyeji humwita Dinknesh. Kisha buna, kahawa inayokaangwa mbele yako. Hapo sitaki haraka!
3. Saa 9 alasiri tuwe tumerudi uwanjani. Wahabeshi husoma saa kama sisi, kwa hivyo hakuna kisingizio.

Mchango ni Sh 2,000 kabla ya Jumatatu usiku. Tafadhali jibu leo: "naenda" au "nabaki".