Mlipima samaki wetu, turudishieni majibu

Mhariri,

Mimi ni mama karanga. Mwaka wa kumi na tisa huu nanunua samaki kwa wavuvi wa Mtongwe, nakaanga, na jioni nauza kando ya njia ya feri. Naomba nafasi niseme na watafiti wanaokuja ufuoni kwetu.

Yuko binti mmoja simsahau. Alikuja wakati wa kaskazi, akawa anatutangulia ufuoni kabla mashua hazijaingia. Alikuwa na kibao chenye rula. Humlaza tafi ubavu, mdomo uguse ukingo, amnyooshe mkia kwa kidole, kisha aandike kwa penseli kwenye karatasi isiyolowa. Hakumruka hata mmoja, hata wale wadogo wa kiganja. Siku moja mwiba wa tafi ukamchoma, nikamtia mkono kwenye maji ya moto mpaka maumivu yakatulia. Aliniuliza nanunua kwa nani, kwa bei gani, samaki wakikosekana naishije. Nikamjibu yote, hata madeni yangu. Akaondoka na daftari lake, na mpaka leo hakuna aliyerudi kutuambia lilisema nini.

Mwaka jana mpwa wangu alinitafutia kwenye simu tafiti za uvuvi wa pwani hii. Alizozipata zilikuwa kwa Kiingereza, na nyingi hazifunguki mpaka ulipe kwa dola. Akapata muhtasari wa mmoja uliochapishwa 2013, akanitafsiria huku nageuza samaki kwenye karai. Ulihusu malema, ile mitego ya samaki ya kusuka, yaliyoachiwa mwanya mwembamba ili samaki wachanga watoke. Walioufanya waliona kwamba wachanga hupungua, wanaonaswa huwa wakubwa zaidi, na kipato cha mvuvi huongezeka.

Nilifurahi, kisha nikanyamaza. Samaki mkubwa hafiki kwangu, Mhariri. Huchukuliwa na tajiri mwenye friji, akampeleka hotelini. Sisi mama karanga tunanunua wadogo, ndio tunaowamudu. Mwanya ukishawatoa hao, mimi nitakaanga nini? Siupingi mwanya, maana nimeona kwa macho yangu tafi wanavyozidi kuwa wadogo ndooni. Lakini swali hili ningeliuliza siku ile matokeo yanasomwa, lau yangesomwa mbele yetu kwa lugha yetu. Pengine wangekuwa na jibu. Pengine wangeona kuna jambo la kupima tena.

Ninachoomba ni siku moja tu. Mtafiti akimaliza, arudi pale pale alipopimia, atueleze kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 imekiita lugha ya taifa na lugha rasmi. Asiwaite BMU, yaani kikundi cha kusimamia ufuo, peke yao, atuite na sisi wanawake. Aje saa nane mchana, kwa sababu asubuhi tunangoja mashua na jioni tuko kwenye karai. Aje na kile kibao, atuonyeshe kwa samaki mwenyewe, si kwa michoro ya ukutani. Na wanaotoa vibali vya utafiti waliweke jambo hili kuwa sharti, kibali kisihesabiwe kimekamilika mpaka matokeo yamerudi ufuoni.

Nawe binti yangu, ikiwa barua hii itakufikia, mimi bado niko pale chini ya mti wa mkungu. Njoo na daftari.

Mama karanga,
Mtongwe, Mombasa