Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mazingira: Bakteria Wasiohitaji Oksijeni na Kanuni za Kusafisha Ardhi

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuomba uzipitie upya kanuni za kusafisha ardhi iliyochafuliwa na petroli, kwa kuwa zinaelekea kuhesabu kila tabaka lisilo na oksijeni kuwa tabaka mfu, yaani lisilo na bakteria wa kuivunja petroli hiyo.

Lita moja ya maji hubeba takriban miligramu 9 tu za oksijeni, ilhali kuivunja kabisa miligramu 1 ya benzeni, kemikali yenye sumu iliyomo katika petroli, huhitaji miligramu 3 na ushei. Ndiyo maana tangi lililozikwa linapovuja, oksijeni huisha mapema, na kazi hushikwa na bakteria wanaopumua naitreti, chuma au salfeti badala ya oksijeni. Thauera aromatica, bakteria anayetumia naitreti, huiunganisha tolueni, kemikali nyingine ya petroli, na fumareti, kemikali ya ndani ya seli, ikawa kemikali mpya iitwayo benzilisaksineti; huigeuza hatua kwa hatua kuwa kemikali iitwayo benzoili-CoA, na hapo ndipo pete ngumu ya kaboni sita hulegezwa kwa kuongezewa elektroni, kazi inayoigharimu seli nishati nyingi. Bakteria mwingine, Geobacter metallireducens, hutumia chuma, na kwa bahati njema chuma hakiadimiki udongoni.

Haya hayaishii maabara. Karibu na Bemidji, Minnesota, bomba la mafuta ghafi lilipasuka mwaka 1979, na watafiti wamefuatilia kwa miongo kadhaa jinsi vijidudu vinavyoyavunja mafuta hayo katika maji ya chini ya ardhi yasiyo na oksijeni.

Ombi langu ni kwamba, kabla ya kibali cha kuchimba udongo au kupuliza hewa ardhini kutolewa, mchafuzi alazimishwe kupima naitreti, salfeti, chuma kilichoyeyuka, methani na, zaidi ya yote, benzilisaksineti. Tolueni inaweza kupungua kwa kuzimuliwa tu na maji. Benzilisaksineti, kwa kuwa haimo katika petroli, huonyesha kwamba bakteria wako kazini.

Najua wapo watakaoishika hoja hii ili wasifanye lolote. Wasiruhusiwe. Benzeni husababisha saratani, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi mikrogramu 10 katika lita ya maji ya kunywa. Bila oksijeni huvunjika polepole kuliko tolueni, na kwingine haivunjiki kabisa. Kwa hiyo ipimwe peke yake, kwa ratiba iliyoandikwa ndani ya kibali, na isipopungua katika muda uliowekwa, udongo uchimbwe kwa gharama ya mchafuzi.

Wako mwaminifu,
Mwanamikrobiolojia wa udongo