Ule mlango wa ukurasa wa tatu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na za mama pia, maana kila wiki lazima akuulizie. Huku hatujambo. Najua umesubiri neno langu kuhusu makala yako hadi umechoka, na kimya changu usikihesabu kuwa ni dharau. Nimeisoma mara nne. Kila nikifika ukurasa wa tatu, kwenye ule mlango, nakwama.

Umeandika hivi: "Alifungua mlango taratibu, akamwona askari, magoti yakamlegea, akajua mwanawe hayupo tena." Imeandikwa vizuri mno, na ndiyo maana inanisumbua. Wewe hukuwepo. Hayo magoti, yule mama alikusimulia mwenyewe? Kama alikusimulia, ichane barua hii na uniwie radhi. Ila mahojiano uliyonitumia nimeyapitia yote, mlango sikuuona. Kuna maneno mawili tu: "wakaja kuniambia."

Usinielewe vibaya, sisemi tuandike kwa ukavu kama ripoti ya kikao. Nataka tukio lionekane kama unavyotaka wewe. Kumbuka John Hersey, yule mwandishi wa habari wa Marekani. Alifika Hiroshima, Japani, mwaka 1946, bomu la atomiki lilikuwa limeshaanguka mwaka uliotangulia. Hata hivyo makala yake, ile iliyojaza toleo zima la jarida la The New Yorker la tarehe 31 Agosti 1946, inaanza na karani, Toshiko Sasaki, ndiyo kwanza ameketi ofisini, anageuza kichwa amsemeshe msichana wa meza ya jirani. Habari ya kichwa kile ilitoka kwa aliyekigeuza mwenyewe. Hersey alikaa chini akauliza.

Na García Márquez, yule mwandishi wa Kolombia, je? Mwaka 1955, akiwa mwandishi wa gazeti, alikaa na baharia Luis Alejandro Velasco vikao 20 vya saa 6 kila kimoja, amweleze zile siku 10 alizoelea peke yake baharini. Watu wote walikuwa wameshaamini kwamba Velasco na wenzake walitupwa majini na dhoruba. Alipoulizwa habari za dhoruba, Velasco akasema haikuwepo. Meli yao ya jeshi ilikuwa imepakia bidhaa za magendo juu ya sitaha, mzigo ukafyatuka. Sasa fikiria García Márquez angejikalia mezani akajitungia mawimbi na radi. Nani angembishia? Na ule ukweli ungezama palepale.

Nilikuwa sijakusimulia hili. Mwaka jana niliandika habari ya mama mmoja aliyepigiwa simu ya msiba. Nikaweka "akaangua kilio", nikaona inatosha, nani asiyelia? Usiku nikakosa raha, kesho yake nikarudi kumuuliza: simu ilipokatika, mikono yako ilikuwa inafanya nini? Akanyamaza muda mrefu. Akaniambia alikuwa anashona kifungo cha shati, basi akaendelea kushona. Alipomaliza na kulinyanyua ndipo akaona ameshona mbele na mgongo pamoja, shati halivaliki. Kulia, alilia siku ya nne. Shati lile mimi nisingelitunga hata nipewe mwezi mzima.

Kwa hiyo naomba urudi kwa yule mama wa makala yako. Najua mhariri anaitaka Ijumaa, na najua anavyopenda machozi yaanzie aya ya kwanza (hilo nalo tutalizungumza, limenichosha). Mwombe siku mbili. Asipokumbuka, andika kwamba hakumbuki, msomaji atakuelewa. Yule mama ataisoma, au atasomewa. Akikuta magoti ambayo si yake, atajiuliza ni yapi mengine tuliyomlisha, hata yale ya kweli aliyokupa kwa taabu.

Kinasa sauti changu kipo, kichukue. Lakini daftari usiliache, maana kinasa hakioni mikono.

Haya, niambie: ulikutana naye mara ngapi, na wapi? Nyumba ile ina mlango au pazia tu? Nani mwingine alikuwepo siku hiyo, yule binti mdogo je, ameulizwa? Ukiamua kurudi, nije nawe au nitamtia woga? Na kaka yako amepata nafuu, mbona hukumtaja safari hii?

Nijibu kabla ya Ijumaa, tafadhali.

Wako daima