Bei ya kinga (baiskeli) mu ndege tuambiwe mapema

Bwana Mhariri, jambo sana. Naomba fasi kidogo mu gazeti yenu juu hii mambo ya kusafiri na kinga mu ndege imeniuma.

Nilikuwa naenda Nairobi, biye (tiketi) yangu inasema valizi mbili, kilo 23 kila moja. Nikawaza moja ni nguo, ya pili ni kinga, bas. Fundi wangu wa Kenya (komini yetu hapa Lubumbashi, si ile inchi) akatosha pedali na magurudumu, akageuza gido (usukani), akaingiza yote mu katoni, tukapima, kilo 17. Nikafika Luano, uwanja wetu wa ndege, roho safi. Kumbe! Mama wa gishe hata mizani hakuangalia, akatosha mita: urefu 140, kimo 80, upana 25, ukijumlisha ni sentimeta 245 na ruhusa yao ni 158. Lipa dola 100. Nikamwambia mama, kilo 17 si iko chini ya 23? Akasema, "Papa, bei si miye naitungaka." Go-Pass (kodi ya uwanja wa ndege) ya dola 50 nimeisha kulipa, batu nyuma yangu banaguna, nikalipa. Tena bakanifungulisha katoni nitoshe upepo mu mipira ati itapasuka kule juu, wakati kule chini kwenye mizigo kuna presha sawa na fasi tunaikalaka siye.

Kurudi sasa, kampuni ile ile, katoni ile ile, Nairobi bakaniomba dola 75. Bei ya kweli ni gani?

Kulipa sikatai. Mzigo usipite kilo 32 naelewa, ule anabeba ni mtu na mgongo wake. Na katoni kubwa inakula fasi, sawa. Kuna kampuni zinahesabiaka kinga ndani ya kilo zako, zingine ziko na bei moja imeandikwa, unajua mbele ya kutoka nyumba. Hii ingine bei iko mu kichwa ya agenti. Kinga zetu zinabebaka magunia ya makala (makaa) kutoka barabara ya Kasenga bila kulalamika, siku moja tu yenyewe ibebwe, ni mahangaiko!

Ninaomba tu ajansi ziandike bei ya kinga ku biye siku ile tunanunua. Mwezi wa 12 nitarudia safari, juzi nikaenda kuulizia, binti wa ajansi akacheka: "Papa, utaona ku Luano."

Msomaji wenu, Katuba, Lubumbashi