Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tumuulize Mtoto Mwenyewe

Ndugu wanachama,

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote poleni na zamu. Mambo ya vikao na ada nitayapitia mbio mwishoni, maana mweka hazina ana hesabu zake na atazisoma mwenyewe. Muda wenu nataka kuutumia kwa jambo lililotushughulisha karibu mwaka mzima: watoto wanaoonewa na wenzao, wanaoletwa kwetu kitengo cha dharura kwa jina la ugonjwa mwingine.

Nianze na kosa, na kosa ni langu. Mvulana wa darasa la sita aliletwa na mama yake asubuhi ya Jumatatu, tumbo linamkata. Ilikuwa mara ya tatu muhula ule. Mama anauza dagaa soko la Mwaloni, hapa Mwanza, na biashara ya siku ile ilikuwa imeshakwenda na maji. Nikaandika vipimo: mkojo, choo, malaria. Huku ziwani mtoto akishika tumbo tunawaza kichocho kwanza, wala si vibaya. Majibu yakaja safi. Nikampa dawa, nikawaruhusu. Wiki mbili baadaye akarudi sikio limechanika. "Ameanguka akicheza," mama akasema, nami nikaandika ameanguka. Mama alipokwenda dirishani kulipia, binti mmoja mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa anasafisha kidonda akamuuliza, bila hata kumkazia macho, "Shuleni unachezaga na nani?"

"Sichezagi."

Yakafuata mengine yote. Kuna wakubwa wa darasa la saba wanaomsubiri kichochoroni. Jumatatu ndiyo siku anayobeba hela ya uji ya wiki nzima.

Mara nne mtoto yule alikaa mbele yangu, na mara zote nne nilimuuliza mama yake.

Nilipolisimulia hilo kwenye kikao chetu cha kwanza, nilidhani nitachekwa. Badala yake kila mmoja akatoa la kwake, na kikao kikaisha usiku. Ndipo tukakubaliana tusome kwanza kabla ya kusema sana. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeanza kulichunguza jambo hili kule Skandinavia miaka ya 1970, aliweka vipimo vitatu: tendo ni la makusudi, linarudiwa, na nguvu hazilingani. Watoto wawili wa kimo kimoja wakipigana ngumi kwa ajili ya mpira, huo ni ugomvi. Shida yetu sisi wa dharura ni hilo neno "linarudiwa". Tunamwona mgonjwa mara moja, tunamshona, anaondoka. Leo kaja na daftari la zahanati, kesho daftari limepotea amenunuliwa jipya. Kurudiwa kunakaa kwenye kurasa za nyuma, nasi wengi wetu tunafungua ukurasa mpya.

Kuhusu matumbo na vichwa visivyo na majibu maabara, si hisia zetu tu. Mwaka 2013 watafiti wa Italia, Gianluca Gini na Tiziana Pozzoli, walichapisha uchambuzi wa tafiti 30 na kuona kwamba uwezekano wa wanafunzi wanaoonewa kuwa na maumivu ya namna hii ni zaidi ya mara mbili ya wenzao. Na sisi watu wa Ziwa hatuhitaji kwenda mbali kujua kwamba mwili husema pale mdomo ulipofungwa. Januari 1962, kwenye shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, kule Muleba, wasichana walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Waliopatwa ni 95 kati ya 159, na shule ikafungwa mwezi Machi. Sisemi wale walikuwa wameonewa. Ninalosema ni kwamba msichana anayeletwa kwetu leo "ameanguka mapepo", sukari iko sawa, kilichoonekana degedege si degedege, hastahili kuambiwa anajifanya. Anastahili kiti, pazia na swali.

Kundi lililonigusa zaidi ni watoto wa selimundu (sikoseli), ambao kanda yetu inao wengi. Macho ya njano, kimo kidogo kuliko umri, baadhi wanakojoa kitandani hadi ukubwani: kila kimoja kati ya hivyo ni jina la utani linalomsubiri getini. Tunawaagiza wanywe maji mengi. Sasa fikiria mtoto anayevamiwa chooni na wenzake. Haendi chooni. Ili asiende chooni, hanywi maji. Maji yakipungua mwilini, maumivu yanaanza, na saa nane usiku yuko kwetu analia mifupa. Tunamtundikia dripu, tunampa dawa ya maumivu, tunamrudisha kwenye choo kilekile. Muuguzi mmoja wetu siku hizi anauliza tu, "Chooni shuleni kukoje?" Naliona ni swali la kitabibu kabisa, sawa na kuuliza mara ya mwisho alikula lini.

Kwa nini wazazi wanasema "ameanguka"? Mara nyingine hawajui. Mara nyingine ni PF3, ile fomu ya polisi ya aliyeumizwa. Ukisema mtoto kapigwa, mzazi anaona kituo cha polisi, anaona kesi na jirani, maana aliyepiga ni mtoto wa jirani. Wenzangu, tiba ya dharura haisubiri fomu. Tumwambie mzazi hivyo mapema, kabla hajatunga maneno.

Tusimsahau anayeonea, naye ni mgonjwa wetu. Kijana aliyevunjika mfupa wa kiganja chini ya kidole kidogo mara nyingi kapiga ngumi kitu, ukuta au taya. Muulize taya ilikuwa ya nani. Na kijana aliyejidhuru kwa makusudi, hapo hakuna kusubiri dalili nyingine: akishatulia, aulizwe kuhusu wenzake na kuhusu kinachosambazwa kwenye simu, na asiachwe peke yake.

Sasa la aibu ya uongozi. Tulitengeneza fomu ya maswali kumi na mawili. Ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Zamu ya kwanza ya Ijumaa usiku, bodaboda tatu zimegongana, nani atauliza maswali kumi na mawili? Fomu ziligeuka karatasi za kuandikia uzito wa watoto. Tumebaki na mawili: unachezaga na nani, na kuna mtu unamwogopa? Yaulizwe mtoto akiwa peke yake: mzazi akienda kulipia, au njiani kwenda kupigwa picha ya X-ray. Anayejua Kisukuma kuliko Kiswahili aulizwe kwa Kisukuma. Na usimwahidi siri usiyoweza kuitunza.

Mwanachama mmoja alinipinga hadharani kwamba sisi si walimu wala polisi. Ni kweli, na namshukuru, maana kulikuwa na waliotaka kwenda kugombana shuleni. Kazi yetu inaishia kuuliza, kuandika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, na kumkabidhi kwa anayehusika. Lakini hilo la kukabidhi si hiari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Kwetu njia fupi ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na panapohitajika, dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya kuwasaidia watoto ni bure; ibandikeni ukutani, upande mtoto anakolala, si nyuma ya mlango wa ofisi.

Mengine kwa ufupi. Vikao vilifanyika, vingine kwa kuchelewa, na wa Ukerewe mtusamehe kwa kupanga saa bila kuangalia ratiba ya meli. Ada inadaiwa, wanaodaiwa wanajijua. Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi.

Yule binti mwanafunzi sasa amehitimu na ni mwanachama mwenzetu. Ataongoza semina ya alasiri, mara baada ya chai. Sambusa zimetoka kwenye mfuko wa chama. Maswali yote kuhusu hilo apelekewe mweka hazina.

Mwenyekiti,
Mwanza