Sauti yangu ilikokwenda

Shoga yangu mpenzi,

Juzi uliponiuliza mbona sauti imenikauka nilikudanganya kuwa ni mafua. Mafua gani! Nilikesha nacheka peke yangu gizani, na aliyenikesheza ni Chris Gethard.

Najua humjui. Ni mchekeshaji wa Marekani. Mwaka 2011 alilitoa onyesho lake jukwaani akalipeleka Manhattan Neighborhood Network, chaneli ya umma ambako mkazi wa Manhattan anaweza kuomba nafasi akarusha kipindi chake, awe hodari au asiwe. Likawa linakwenda Jumatano usiku, saa tano, mubashara. Studio yenyewe ndogo, bendi imebanana pembeni, na kuna jamaa kavaa usamaki wanamwita Human Fish. Mtu-samaki! Usiniulize kwa nini.

Ila kilichoninasa ni simu. Vipindi tulivyozoea, mpiga simu akishauliza swali lake anashukuriwa, anakatwa. Huku anaweza kukiteka kipindi kizima. Mwingine anapiga kuvuruga tu na wanamwacha avuruge. Mwingine anaanza kwa mzaha, halafu unasikia sauti inamshuka, kumbe ana lake moyoni. Gethard mwenyewe haoni haya kuizungumzia sonona yake, nadhani ndiyo maana watu humfungukia.

Sasa nije kwenye kisa cha kontena. Hiyo ni 2016, kipindi kimeshahamia Fusion, chaneli ya kebo. Wameweka kontena la taka, kubwa, limefungwa, na watazamaji wapige simu wabahatishe kilichomo. Basi, ndiyo kipindi chenyewe! Wageni, wachekeshaji Jason Mantzoukas na Paul Scheer, wanazidi kupagawa kadiri muda unavyoyoyoma. Mimi nilijiambia natazama dakika tano nilale. Nikajikuta nimekaa kitako kitandani nabishana na simu yangu, nawafokea wapiga simu wa miaka mingi iliyopita kwamba hawana akili.

Nilikuwa nimeapa sikwambii, lakini unanijua. Alikuwemo Paul Giamatti, yule mwigizaji maarufu. Muda wote huo kajikunyata humo ndani kimya! Nilipiga yowe, shoga yangu, na sauti ikaenda nalo.

Baadaye kipindi kilihamia chaneli nyingine, truTV, kikaishia huko 2018. Nilivitazama na hivyo, taa nzuri, kila kitu kimepangika. Havikunikosesha usingizi. Mimi nipe vile vya Manhattan, ambavyo hata mtangazaji anaonekana hajui dakika ijayo italeta nini.

Vingi vimo YouTube, anza navyo usiku huu. Ukifika kwa mtu-samaki nipigie, hata iwe saa nane. Nitakusikiliza tu, maana kujibu bado siwezi.

Wako,
Bubu wa muda