BARUA YA WAZI KWA MHESHIMIWA MKUU WA MKOA: LORI LIKIANGUKA NJIANI, NANI ANALIONDOA?

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Shikamoo. Anayekuandikia ni mama muuza samaki, sina cheo chochote, na naomba radhi mapema kama kuna neno litakukwaza maana tangu juzi sijalala vizuri. Nachukua samaki Lindi napeleka Masasi, huu mwaka wa 12, na barabara hiyo naijua kona kwa kona.

Juzi usiku tulikuwa kwenye Fuso, mie, dereva, utingo na mama mwingine wa pweza. Tumeshaiacha Nyangao tunaitafuta Ndanda, kama saa nne na nusu hivi, tunakuta foleni katikati ya pori. Mbele kuna semi imelala ubavu, kichwa kiko mtaroni, tela limekatiza lami yote, mzigo umemwagika. Dereva wake Mungu kamsaidia katoka na mikwaruzo tu. Kwa hiyo kwenye ajali ile hakuumia mtu, Mheshimiwa, naomba sana ulishike hilo, kwa sababu aliyeumia aliumia saa tisa usiku, wakati watu wote wanaohusika wameshajua zaidi ya masaa manne kwamba lori lipo pale.

Ni kijana wa bodaboda. Alitokea upande wa Ndanda, na upande ule hakukuwa na taa wala kibao, ni matawi ya mkorosho tuliyovunja sisi wenyewe tukayatandaza barabarani, na magari yaliyokuwa yanageuza yalishayasaga yote. Akaingia chini ya tela na pikipiki yake. Mie ndo nilimpakata kichwa, kanga yangu yote damu, ananiuliza mama viatu vyangu viko wapi, viatu vyangu viko wapi, mpaka ikapatikana Noah ya kumkimbiza hospitali. Yu hai. Mguu wa kulia wameukata jana.

Sasa nikueleze masaa yale manne yalikwendaje, maana nilikuwepo, nilikaa juu ya deli langu nasikia kila simu inayopigwa. Kwanza ilikuwa mabishano pale ni mkoa gani. Unajua eneo lile Lindi inaishia na Mtwara inaanza, basi huku wanaambiwa pigeni kule, kule wanaambiwa hapo sio kwetu. Trafiki wawili wakafika saa sita, vijana wadogo, wamejitahidi kwa kweli, wamepiga picha wamepima, ila wakasema gari haliwezi kusogezwa mpaka mkaguzi alione na mkaguzi yuko mbali. Halafu winchi anatakiwa kuleta mwenye gari, na mwenye gari yuko Dar, anabishana bei na mwenye winchi kwenye simu huku sisi wote tunasikiliza. Imefika saa nane bado wanapatana bei! Na kilomita chache tu nyuma yetu kuna greda la matengenezo ya barabara limeegeshwa, utingo wetu alienda na bodaboda akamkuta mlinzi, akaambiwa dereva yupo amelala lakini bila amri ya bosi haliwashwi. Bosi kapigiwa hapokei.

Zimamoto hawakuitwa, eti hakuna moto. Tangi la semi lilikuwa limepasuka, dizeli inachuruzika mtaroni, na vijana wameshaanza kutoka vijijini na madumu na bakuli, mmoja ana sigara mdomoni. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, jamani mmesahau Msamvu? Tarehe 10 Agosti 2019 pale Morogoro lori la mafuta lilianguka watu wakakimbilia kuchota, likalipuka, wakafa zaidi ya watu 100. Na sisi usiku ule hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye amri ya kuwasogeza watu, trafiki wawili wanashika upande huu kule kunajaa.

Njia ilifunguliwa saa sita mchana. Masaa kumi na tatu na nusu. Ilifunguliwa na nini? Na lile lile greda. Lilivuta tela kama robo saa likawa limelaza pembeni, magari yakapita.

Mzigo wangu ulikuwa wa laki sita na nusu, changu na vibua na kolekole kidogo, pesa ya kikoba. Barafu iliyeyuka yote, nilipofungua deli Masasi maji yamekuwa mekundu na mashavu ya samaki yamegeuka rangi ya udongo, mnunuzi wangu wa siku zote alinusa akafunika akaniambia mama hapana. Nimemwaga. Jumamosi kikoba wanakaa na mimi ndo zamu yangu ya kurejesha. Lakini Mheshimiwa nikilala usiku sioni samaki, namuona yule mtoto anauliza viatu.

Mwaka jana korosho zilipoanza kutoka ulikaa na sisi wafanyabiashara. Ukasema kwa mdomo wako kwamba msimu huu malori yatakuwa mengi, kwa hiyo polisi, watu wa barabara, zimamoto na hospitali watakaa meza moja wapange ajali ikitokea nani anafanya nini. Tulipiga makofi. Niliandika kwenye daftari langu. Msimu umeisha, mwingine unakuja, hiyo meza iko wapi?

Na usiniambie haiwezekani. Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Dar kule Kilwa, mitambo ilifanya kazi usiku na mchana, mawe yanamwagwa, viongozi wako palepale na simu zinapokelewa, mpaka magari yakapita. Kwa hiyo watu wapo na mitambo ipo, mkitaka inawezekana. Kwa nini ya lori moja ishindikane? Mie nahisi ni kwa sababu hakuna aliyeandikwa kwamba hii ni kazi yake. Kila mmoja ana kipande chake, lile la kufungua njia halina mwenyewe.

Mwanangu aliye chuo alinitafutia kwenye simu. Marekani, jimbo la Washington, polisi wa barabara kuu na idara ya barabara walisaini makubaliano mwaka 2002, lengo lao njia ifunguliwe ndani ya dakika 90. Ofisi mbili tofauti, karatasi moja. Sisi hatuna mitambo kama yao, sawa, tupe hata masaa matatu. Lakini karatasi inahitaji mitambo gani?

Wewe ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mkoa na bodi ya barabara ya mkoa pia uko wewe mezani. Hao wote ukiwaita wanakuja. Ninachoomba ni kimoja, waite, na mwenzako wa mkoa wa pili awepo, muandike nani anatoa amri ya kusogeza gari. Picha zipigwe, vipimo vichukuliwe, mkaguzi atalikuta pembeni, bei ya winchi watabishana baadaye na mwenye mali atadaiwa. Greda lililo karibu liwashwe bila kumtafuta bosi aliyelala. Na taa, jamani, taa mbili tu za kuweka pande zote mbili wakati tunasubiri. Jina la mtu mmoja na namba yake ya simu, ibandikwe Mnazi Mmoja, Mtama, Nyangao, Ndanda, tuijue.

Waite Mheshimiwa. Jumatano ijayo Mungu akipenda napita tena hapohapo usiku, na vioo vya ile pikipiki bado viko barabarani.

Mama wa samaki, barabara ya Masasi